Nyota za wema zimejaa ukutani, mtoto bado anakaa peke yake

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha darasa la tano, wanafunzi 42. Muhula uliopita nilianzisha ubao wa nyota: anayemsaidia mwenzake anabandikiwa nyota, na mwenye nyota nyingi mwisho wa mwezi anapata zawadi. Mwanzoni walichangamka sana. Siku hizi wanasaidiana nikiwapo tu, na juzi mmoja alinifuata akidai nyota yake kwa kalamu aliyomwokotea mwenzake. Tena kuna msichana aliyehamia kwetu katikati ya mwaka. Hagombani na mtu, ila hakuna anayemtafuta. Nifanye nini ajione naye ni wa darasa hili, na nitajuaje kama nimefanikiwa?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Huyo wa kalamu wala usimlaumu. Wema umeupangia bei, naye amekuja kudai malipo.

Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichukua watoto wa chekechea waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti kabla ya kuchora, la pili likapewa cheti bila kutarajia, la tatu halikupewa kitu. Siku kadhaa baadaye, kalamu zilipowekwa mezani wakati wa kucheza, wale walioahidiwa walichora kwa karibu nusu ya muda wa wenzao. Waliopewa bila kutarajia hawakupungukiwa na hamu. Kilichoharibu, basi, ni ahadi. Kwa hiyo mpe mshindi wa mwezi huu zawadi yake, maana uliahidi, kisha waambie wazi kwamba ubao umeisha. Baada ya hapo shukuru kwa sauti ya chini, baada ya tendo, ukilitaja tendo lenyewe: "Nimeona ulivyomsubiri mwenzako amalize kunakili." Inatosha.

Sasa msichana. Kabla hujamsogezea mtu, zungumza naye faraghani. Wapo watoto wanaopenda utulivu wao, na wapo wanaosema "niko sawa" huku madaftari yao yanapotea na tumbo linawauma kila asubuhi ya shule. Ukiona dalili hizo, huenda hilo si suala la upweke tena, ni la uonevu. Mshirikishe mwalimu wa unasihi siku hiyohiyo.

Kama si hivyo, chora ramani ya darasa, yaani nani angependa kuwa na nani. Njia hii aliieneza Jacob Moreno, daktari wa magonjwa ya akili, katika miaka ya 1930, na mpaka leo sijaona inayoishinda kwa urahisi. Kila mwanafunzi apate kipande cha karatasi, aandike jina lake na majina ya wenzake watatu ambao angependa kufanya nao kazi ya kikundi. Usiwaulize nani hawamtaki. Swali hilo hupanda mbegu, na likishatamkwa darasani halirudi. Waambie pia kwamba utatumia majibu kupanga vikundi, na ulitimize hilo, kila mtu awekwe na angalau mmoja kati ya wale aliowataja yeye.

Vitabu vingi vitakwambia uchore mishale, kutoka kwa anayechagua kwenda kwa anayechaguliwa. Kwa wanafunzi 42 una mishale 126, na karatasi yako itageuka utando wa buibui. Tumia jedwali: majina ya wanaochagua kwenye safu mlalo, ya wanaochaguliwa kwenye safu wima, halafu hesabu kwenda chini. Utakuta mmoja ametajwa mara kumi, huku watoto watatu au wanne hawakutajwa hata mara moja. Jiandae kushangaa. Nilipoifanya mara ya kwanza nilikuwa na uhakika nani atatoka sifuri, nikakosea kwa watoto wawili kati ya watatu. Mmoja wao alikuwa mchekeshaji wa darasa. Wote walimcheka, hakuna aliyemwandika.

Kisha panga kazi yenyewe ili huyo mtoto ahitajiwe. Hapa ndipo ningeweka nguvu zangu zote. Mwaka 1971, shule za Austin, Texas, zilipokuwa ndiyo kwanza zimechanganya watoto weusi, weupe na wa asili ya Meksiko, mwanasaikolojia Elliot Aronson aliitwa kusaidia kwa sababu chuki ilikuwa imepamba moto. Yeye na wenzake waliangalia somo lilivyoendeshwa: mwalimu anauliza, mikono inanyooka, mmoja akipata wengine wamekosa. Katika mpangilio wa namna hiyo, kosa la mwenzako ni nafasi yako. Wakaligawa somo vipande kama picha iliyokatwa, kila mwanakikundi akapewa kipande kimoja ambacho wenzake hawana.

Kwa darasa lako hesabu imekaa vizuri. Vikundi saba vya watu sita, somo la vipande sita. Chukua mmeng'enyo wa chakula: mdomo, umio, tumbo, utumbo mwembamba, utumbo mpana, na cha sita, ini pamoja na kongosho. Kila mmoja anasoma kipande chake peke yake. Halafu wenye kipande kimoja kutoka vikundi vyote wanakutana, saba saba, wanaelezana mpaka waelewe. Hatua hii usiiruke, ndiyo inayomwokoa msomaji wa taratibu asiaibike. Baadaye kila mtu anarudi kikundini kufundisha wenzake, na mwisho kila mtu anafanya jaribio lake na kupata alama zake. Ukitoa alama moja kwa kikundi kizima, utasikia mtoto dhaifu akilaumiwa kabla kengele haijalia.

Huyo msichana mpe ini na kongosho. Chakula hakipiti humo, kwa hiyo vipande vingine havitaeleza viungo hivyo, na bila yeye hakuna atakayeeleza nyongo inatoka wapi wala mafuta yanavunjwaje. Watamwuliza kwa sababu wanataka kujua, si kwa sababu mwalimu amewaomba wamhurumie. Mweke na mmoja kati ya wale aliowaandika yeye kwenye karatasi yake, pamoja na watoto wenye marafiki wawili watatu tu. Yule nyota wa darasa, aliyetajwa na wengi, hana nafasi ya rafiki mpya, hata akiwa na roho nzuri. Usimteulie "rafiki wa zamu" pia. Zamu huisha, na yeye atajua ilikuwa zamu. Fanya hivi mara mbili kwa wiki, kwa wiki sita, bila kuvivunja vikundi, hata kama wiki ya kwanza itakuwa na kelele na lawama. Itakuwa nazo.

Wakati huohuo jipime na wewe. Kwa siku tatu weka alama kwenye orodha ya majina kila unapomwita mtu kujibu. Wengi wetu tuna watoto saba au wanane tunaowaita, na watoto wanatuangalia wakijifunza nani ana maana darasani.

Kuhusu kupima: Carol Goodenow alitunga mwaka 1993 kipimo cha sentensi 18 kuhusu mwanafunzi kujiona ni sehemu ya shule yake, kila moja ikijibiwa kwa ngazi tano. Wewe zinakutosha sentensi nne au tano, bila jina, kabla ya kuanza na baada ya wiki sita: nisipokuja shuleni kuna anayegundua, kuna mtu mzima hapa ninayeweza kumweleza shida yangu, wenzangu husikiliza nikizungumza. Kisha rudia jedwali. Usitafute msichana huyo awe maarufu. Tazama waliopata sifuri wamebaki wangapi, na kama jina lake limeandikwa na mtu ambaye yeye pia alimwandika. Mmoja wa namna hiyo ni hatua kubwa.

Na makaratasi yote, ya kwanza na ya pili, yafungie kabatini, ukimaliza yachane mwenyewe. Usimtume mwanafunzi kuyatupa.