Sakafu ya bahari inatembea kweli? Majibu ya maswali yenu

Tangu niseme hapa kwamba sakafu ya bahari inasogea maswali hayakatiki, nimechukua machache, yale yanayofanana nimeyaunganisha.

Mmejuaje inasogea na hakuna mtu anayeishi huko chini? (msomaji, Tanga)

Hili nalijibu kwa raha maana ushahidi mkubwa kabisa umetoka Bahari ya Hindi, bahari yetu hii hii, na watu wengi wa pwani hawajawahi kuambiwa. Kati ya Somalia na Maldivi kuna safu ya milima chini ya maji inaitwa Carlsberg (ndiyo, jina la bia, mfuko wa kiwanda kile cha Denmark ndio uliofadhili safari ya utafiti). Mwaka 1962 meli ya Waingereza, HMS Owen, ilipima sumaku ya sakafu pale, na Drummond Matthews wa Cambridge akarudi na vipimo vya ajabu, sumaku kali, halafu hafifu, halafu kali tena, michirizi michirizi. Mwanafunzi wake Fred Vine akakaa nayo mpaka ikaeleweka. Iko hivi: katikati ya safu kuna ufa, lava inatoka pale inapoa, na ikipoa chembe za chuma ndani yake zinabaki zimeelekea kule sumaku ya dunia ilikoelekea siku hizo, sasa sumaku ya dunia nayo huwa inageuka, kaskazini inakuwa kusini, mara ya mwisho ni kama miaka 780,000 iliyopita, kwa hiyo kila mchirizi ni sakafu ya zama zake, na ya upande huu inalingana na ya upande wa pili. Maana yake sakafu inazaliwa katikati na kusukumwa pande zote mbili. Walichapisha 1963. Mkanada Lawrence Morley alikuwa na wazo hilo hilo peke yake na majarida yakamkatalia, mpaka leo inaniuma nikisoma habari zake.

Kasi ya Carlsberg ni sentimita 2 hadi 3 hivi kwa mwaka, yaani mtu wa miaka 40 leo, tangu azaliwe pameongezeka kama mita moja ya sakafu mpya.

Sasa kama inaongezeka kila siku, mbona dunia haifuri? (Nairobi)

Kwa sababu kwingine inamezwa. Sakafu ikizeeka inapoa, inakuwa nzito, ikikutana na bamba jingine (mabamba ni vipande vikubwa vya gamba la dunia) inazama chini yake kwenye mitaro mirefu kama ule wa Mariana ambao kina chake kinakaribia kilomita 11. Ndiyo maana sehemu kubwa ya sakafu ya bahari haijafikisha hata miaka milioni 200, wakati mawe ya Dodoma na kanda ya Ziwa yana zaidi ya miaka bilioni 2.5. Jiwe la kukalia pale Mwanza ni mzee kuliko sakafu ya bahari yoyote iliyo wazi leo, hebu fikiria.

Je, tsunami ya 2004 ilitokea kwenye hiyo Carlsberg? Inaweza kurudi? (Mombasa, na wengine wa Dar)

Hapana. Ilitokea Sumatra, Indonesia, tarehe 26 Desemba, karibu saa kumi alfajiri kwa saa zetu. Pale bamba linazama chini ya jingine, yanang'ang'aniana kwa miaka mingi halafu siku moja yanaachia, safari hiyo yaliachia urefu wa zaidi ya kilomita 1,200, sakafu ikanyanyuka na maji yote ya juu yake yakanyanyuka nayo. Mawimbi yalitufikia mchana, yakaua watu zaidi ya 10 Tanzania na mamia Somalia. Kwenye Carlsberg mabamba yanaachana, hayabanani namna ile, matetemeko yake kwa kawaida ni madogo. Lakini kurudi inaweza, Sumatra ipo na Makran mbele ya Pakistani na Irani ipo, kule tsunami ilishapiga 1945. Na hapa nasema kwa herufi kubwa: UKIONA MAJI YANAKUPWA GHAFLA NA SI WAKATI WAKE USISHUKE KUOKOTA SAMAKI, KIMBILIA JUU.

Bamvua (maji kujaa na kupwa kupita kawaida) inaletwa na sakafu kusogea? (Lamu)

Hapana, ni mwezi na jua vikivuta kwa pamoja, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu.

Ule ufa wa ardhini wa Mai Mahiu, Kenya, 2018, Afrika ndiyo inapasuka? (Nakuru)

Afrika inapasuka kweli kwenye Bonde la Ufa, ila milimita chache tu kwa mwaka, na ule ufa wenyewe wanajiolojia wengi walisema ni mvua kubwa iliyochimbua majivu laini ya volkano. Ukitaka kuona bahari inavyoanza angalia Afar, Ethiopia: Septemba 2005 ardhi ilifunguka kwa siku chache tu urefu wa kilomita 60, kwingine upana mita 8, magma (mawe yaliyoyeyuka) ikajaa chini.

Kuna volkano chini ya bahari karibu na sisi? (Zanzibar)

Ipo, na ni changa. Mei 2018 watu wa Mayotte, majirani wa Ngazija, walianza kutikiswa karibu kila siku bila kujua sababu. Mwaka uliofuata meli ya utafiti ikakuta kilomita 50 mashariki ya kisiwa mlima mpya wa mita 800 hivi, umesimama kwenye sakafu yenye kina cha mita 3,500, mahali ambapo ramani za kabla zilionyesha hakuna kitu. Magma ilivyokuwa inatoka kisiwa chenyewe kilivutwa kuelekea mashariki kama sentimita 20 na kushuka zaidi ya 10. Wameupa jina Fani Maore, na vifaa vya kupimia matetemeko vimeshushwa mpaka chini kabisa kuufuatilia.