Maswali ya Wasomaji: Gia za Nyuma za Baiskeli ya Umeme na Milima Yetu

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina baiskeli ya umeme ya gia saba, yenye tairi za inchi 26 na mota ya wati 250 iliyo ndani ya gurudumu la nyuma. Kila jioni hupanda kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini nikiwa na tenga la mboga, na kabla sijafika juu mota huanza kunguruma, hupata moto na mwendo hufifia. Fundi wa mtaani ananishauri niondoe friwili (fungu la sproketi, yaani magurudumu ya meno yanayoshika cheni, la nyuma) ya meno 14 hadi 28 niweke yenye sproketi kubwa zaidi ili mota iongezeke nguvu. Je, ni kweli, na je, friwili yoyote itaingia?
Msomaji, Ipogolo, Iringa

JIBU: Marahaba. Ushauri huo una faida, ingawa sababu aliyokupa siyo yenyewe. Mota iliyo ndani ya gurudumu hulizungusha gurudumu moja kwa moja bila kupitia cheni, kwa hiyo hata ukifunga sproketi kubwa kama sahani, nguvu ya mota kwenye tairi itabaki ile ile. Kinachobadilika ni kazi ya miguu yako, na hapo ndipo nafuu yako ilipo. Tuseme wewe, baiskeli na mboga mna kilo 120, na mlima unapanda mita 8 katika kila mita 100. Kwenda kilomita 10 kwa saa katika mlima huo kunahitaji karibu wati 300, na mota yako imeandikwa 250. Pengo hilo ni lazima lizibwe na miguu. Ukiwa kwenye gia nzito miguu hugoma, mwendo hushuka, na mota inayozunguka polepole huku ikivuta umeme mwingi hugeuza sehemu kubwa ya umeme huo kuwa joto, ambalo huunguza nyaya na kulainisha gia za plastiki zilizomo katika mota nyingi za aina hiyo.

Sasa tuangalie hesabu, nikichukulia kwamba sproketi yako ya mbele ina meno 44, kwa kuwa hukuitaja. Ukiwa kwenye meno 28 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali unakupeleka mita 3.25, ukiweka 34, unakupeleka mita 2.7 hivi, na miguu itazunguka kwa wepesi hata katika mwendo wa kilomita 10 kwa saa. Lakini kabla hujanunua friwili, tazama mbele: ukibadilisha ile ya 44 ukaweka ya 36 na kuacha nyuma kama palivyo, unapata karibu mita 2.7 zile zile. Utapunguza pingili chache za cheni na kushusha kidogo mkono wa mbele unaohamisha cheni kama upo, na gurudumu lenye mota halitaguswa kabisa. Utakachopoteza ni mwendo kwenye tambarare, ambako mota inakusaidia vya kutosha. Mimi ningeanzia hapo.

Ukiamua kubadilisha nyuma, si kila friwili itakufaa. Kwanza hakikisha kwamba yako ni ya kufungwa kwa nyuzi kama za skrubu, kwa sababu zipo mota zinazotumia sproketi za kuchomekwa, na aina hizo mbili haziingiliani. Baki kwenye gia saba, kwani friwili ya nane au tisa ni pana zaidi na sproketi yake ya mwisho inaweza kusugua fremu. Mkono wa nyuma unaohamisha cheni nao una kikomo chake: ule uliotengenezwa kwa meno 28 hautafikia 34 na itabidi ubadilishwe, pamoja na kurefusha cheni.

Kabla ya kulegeza nati yoyote, chomoa betri, kisha utenganishe waya wa mota. Ekseli (chuma cha katikati ya gurudumu) ya mota ni nene kuliko ya baiskeli ya kawaida, hivyo kifungulio cha friwili walichonacho mafundi wengi hakipiti juu yake. Tafuta chenye tundu pana, wala usikubali mtu apige friwili kwa nyundo na patasi. Unaporudisha gurudumu, hakikisha washa (pete za chuma) zenye ulimi zinazozuia ekseli isizunguke zinarudi mahali pake, na nati zikazwe sawasawa, kwa sababu ekseli ikizunguka ndani ya fremu hukata waya wa mota papo hapo.

SWALI: Baiskeli yangu ina mota kwenye pedali. Nimefunga friwili mpya na sasa cheni inaruka nikipanda kutoka Mwanjelwa. Je, friwili ni mbovu?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Huenda ni nzima, na kosa likawa la cheni ya zamani. Kwako nguvu ya mota hupita kwenye cheni, kwa hiyo sproketi kubwa nyuma inaisaidia mota kweli, lakini cheni nayo huchakaa upesi. Pima pingili 24, ambazo cheni ikiwa mpya ni inchi 12 kamili. Zikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, nunua cheni nyingine. Badilisha gia kabla mlima haujaanza, ukiwa umelegeza mguu.