Siku nne Ankara na bi mkubwa: kilima kimoja kwa siku

Mkuu, umesema unakwenda Ankara mwezi wa tisa, siku nne, umeongozana na mama mwenye goti linalosumbua, na hutaki safari ya kukimbizana na saa. Wawili walionitangulia kukujibu wamekwambia achana na Ankara, baki Istanbul. Mimi nasema nenda. Nilisoma pale miaka miwili, na mwaka wa pili nikamwita mama yangu kutoka Tanga akakaa nami wiki mbili. Kwa hiyo haya ninayoandika nimeyapima kwa miguu yangu na kwa miguu ya mtu mzima.

Watu wa Istanbul wana utani wao wa zamani kwamba kizuri cha Ankara ni barabara ya kurudi Istanbul. Waache na utani wao, ndio unaowazuia watalii wasijazane. Ankara ilikuwa mji wa wastani tu, unajulikana kwa mbuzi wake wa manyoya laini, mpaka tarehe 13 Oktoba 1923 ulipofanywa makao makuu ya Uturuki, wiki mbili kabla Jamhuri haijatangazwa. Wewe Mtanzania utaelewa haraka: Istanbul ni Dar, Ankara ni Dodoma. Maofisi, vyuo, balozi (yetu ipo na ya Kenya ipo), na watumishi wanaowahi nyumbani jioni. Hakuna bahari. Hakuna mtu wa kukuvuta mkono uingie dukani kununua zulia. Ukienda kutafuta Istanbul ndogo utaumia, lakini ukienda kupumzika utashangaa kwa nini hawakukwambia mapema.

Sasa kosa langu, ili usilirudie. Jumamosi ya kwanza nilijifanya mwenyeji. Nikamtembeza mama kuanzia Kızılay, katikati ya mji mpya, hadi Ulus, mji wa zamani, kwa miguu, kutoka hapo tukapanda kwenye ngome ya kale iliyo juu ya kilima, na moyoni nimepanga jioni tukamalizie kaburi la Atatürk, mwanzilishi wa Jamhuri. Kwenye ramani ni vidole viwili. Ramani haikwambii kwamba mji umekaa juu ya vilima, wala kwamba vichochoro vya ngomeni vimetandikwa mawe yaliyosuguliwa na miguu ya watu mpaka yanateleza. Katikati ya mteremko mama akakaa kwenye kizingiti cha nyumba ya mtu, akavua viatu, akaniambia, "Mwanangu, mimi nimefika. Wewe endelea." Mwenye nyumba, bibi mmoja aliyekuwa anafuma soksi za kuuza, akaingia ndani akatoka na kigoda na chai. Tukakaa pale saa nzima, lugha hawaelewani, wakawa wanaoneshana mishono. Kaburi la Atatürk tukaliacha. Mpaka leo ukimuuliza mama habari za Uturuki ataanza na yule bibi.

Tangu siku hiyo tukaweka sheria: kilima kimoja kwa siku, na jambo moja tu kabla ya chakula cha mchana. Mchana ukishapita ni chai na mabenchi.

Malazi tafuta mtaa wa Kavaklıdere, jirani na barabara ya Tunalı Hilmi. Ulus vyumba ni rahisi lakini usiku panapoa mapema, na Kızılay ni kelele mpaka usiku wa manane. Pale Tunalı mna migahawa, maduka ya dawa, na Kuğulu Park, bustani ndogo yenye bwawa la mabata maji wakubwa weupe. Wazee wa mtaa wanakaa pale asubuhi na magazeti. Mama yako ataipenda kuliko jumba lolote la makumbusho, nakuapia, na haina kiingilio.

Siku ya kilima cha ngome, chukua teksi mpaka juu kabisa kwenye lango, halafu mteremke. Teksi ni za njano na zina mita, hakikisha imewashwa. Anzeni na Makumbusho ya Ustaarabu wa Anatolia (ndiyo bara la Uturuki upande wa Asia), yaliyo ubavuni mwa kilima ndani ya soko la zamani la Waosmani lenye mapaa ya kuba. Mwaka 1997 yalichaguliwa kuwa makumbusho bora ya mwaka Ulaya, na raha yake ni kwamba si makubwa: unazunguka ukumbi unarudi ulipoanzia. Kuna sanamu ya udongo ya mwanamke mnene aliyeketi katikati ya wanyama wawili, imetoka kwenye magofu ya Çatalhöyük na ina umri wa miaka kama 8,000. Kuna sahani za shaba za Alacahöyük zenye umbo la jua na pembe, na ukipita mtaa wa Sıhhiye utaona mojawapo imejengwa kubwa kama mnara.

Mimi nilidhani mama atachoka na masufuria ya kale. Kilichomganda ni vibao vya udongo vya Kültepe, barua za wafanyabiashara wa Ashuru waliokuwa wakileta bati na vitambaa Anatolia karibu miaka 4,000 iliyopita. Barua ni ya udongo na bahasha yake ni ya udongo, imepigwa muhuri. Nikamweleza kwamba nyingi ya barua hizo ni za bei, mizigo na madeni. Mama ameuza khanga na vitenge miaka thelathini. Akaangalia kile kibao muda mrefu, kisha akauliza, "Na huyu alilipwa?" Sikuwa na jibu.

Mkishuka kutoka ngomeni msipite msikiti wa Aslanhane bila kuingia. Kwa nje ni ukuta tu. Ndani ni msitu wa nguzo za miti, za mwishoni mwa karne ya 13, na juu ya nguzo wamevika vichwa vya mawe vilivyochongwa na Warumi, vilivyookotwa kwenye magofu ya jirani. Mwaka 2023 uliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO pamoja na misikiti mingine minne ya aina hiyo. Sisi tuliswali adhuhuri humo, zulia zito, harufu ya mbao kuukuu, na nje baridi imeanza. Ule msikiti mkubwa wa Kocatepe, uliokamilika 1987, utauona tu kwa sababu minara yake minne inaonekana kila upande. Ni mzuri, ila mimi kilichonichekesha ni supamaketi iliyoko chini yake: unashuka ngazi unanunua nyanya.

Anıtkabir, kaburi la Atatürk, wekeni asubuhi yake peke yake, na nendeni mapema. Hakuna kiingilio. Ujenzi ulianza 1944, mwili ukahamishiwa hapo tarehe 10 Novemba 1953 kutoka Makumbusho ya Etnografia ulikokuwa umehifadhiwa. Mnaingia kwa Njia ya Simba, mita 262, simba wa mawe 24, kumi na wawili kila upande. Tazama chini: mawe ya sakafu yameachiwa nafasi katikati makusudi, ili mtu asiweze kukaza mwendo, ainamishe kichwa na apunguze hatua. Kwa mwenye goti bovu hiyo ni habari njema na mbaya kwa pamoja. Atatembea polepole kama kila mtu, lakini mshike mkono, maana kisigino kikiingia kwenye ule ufa atajikwaa. Mwisho kuna ngazi za kupanda ukumbini. Mama alizitazama, akabaki kivulini na mimi nikapanda. Kama tarehe zako zinaweza kusogea, epuka sikukuu za taifa, 30 Agosti na 29 Oktoba hasa. Siku hizo mji wote uko pale.

Jioni moja ipelekeni Hacı Bayram, kule Ulus. Msikiti wa karne ya 15 umeegemeana na hekalu la Kirumi la Kaisari Augusto, ukuta kwa ukuta, na kwenye kuta za hekalu bado mna maandishi ya Kilatini na Kigiriki yanayosimulia matendo yake. Uwanja ni tambarare, kuna maji na mabenchi, na watu wanakuja na familia zao kuzuru kaburi la walii Hacı Bayram Veli. Usiku ukiingia rudini kwa teksi.

Chakula. Kifungua kinywa cha Uturuki msikile hotelini siku zote. Tafuteni mgahawa wa mtaani siku moja, muagize kile cha kutandaza meza nzima: jibini za aina tatu nne, zeituni, nyanya, matango, asali na malai, mayai ya kukaangwa na nyanya, chai isiyokoma. Inachukua saa mbili na hakuna atakayewafukuza. Simiti za Ankara, ile mikate ya duara yenye ufuta, ni nyembamba na nyeusi kidogo kuliko za Istanbul na zinavunjika kwa mlio. Kisha kuna migahawa inayoitwa Aspava, imetapakaa jijini. Mnaagiza chapati ya nyama tu, mnashangaa meza inajaa saladi, viazi na mwisho halua na chai, vyote bure. Jina lenyewe ni herufi za mwanzo za dua: Mungu atoe afya, pesa, mapenzi, amina. Tahadhari moja kwa watu wa pwani: ukisikia "pilav" usitegemee pilau. Ni wali mweupe wa siagi. Mama alifunua sahani akaniuliza bizari iko wapi.

Lugha haitawasumbua kama mnavyodhani. Bamia ni bamya, sabuni ni sabun, saa ni saat, na ukitaka kulipa unasema "hesap", yaani hesabu. Jifunze na "kolay gelsin". Unamwambia mtu yeyote unayemkuta kazini, mfagiaji, dereva, muuza duka, na ni "pole na kazi" yetu kabisa. Mgonjwa naye ana pole yake, "geçmiş olsun". Mama yako kila kijana atamwita "teyze", mama mdogo, na watampisha kiti kwenye treni ya chini. Kwa mabasi na treni nunueni kadi ya usafiri ya jiji.

Siku ya nne iacheni wazi. Ikiwa goti linaruhusu, kuna Beypazarı, kama kilomita 100 magharibi, mji wa nyumba za mbao, baklava ya tabaka 80, mafundi wa mapambo ya nyuzi za madini ya fedha, na karoti wanazozitia mpaka kwenye peremende. Kuna pia Eskişehir, saa moja na nusu hivi kwa treni ya kasi, ila tiketi zinaisha upesi. Goti likigoma, rudini kwa mabata maji.

Kuhusu kufika: ndege za kutoka kwetu zinatua Istanbul. Treni ya kuja Ankara ni nzuri lakini ni saa nne na nusu, na kuitafuta stesheni kutoka uwanja wa ndege, na mizigo, na mama, hapana. Unganisha ndege mpaka Esenboğa, uwanja wa Ankara, ni saa moja angani. Viza ishughulikie mapema kwa njia rasmi za serikali yao, si kwa mawakala wa mitandaoni. Bei sikutajii, maana lira inabadilika na nitakudanganya.

Ankara iko juu karibu mita 900 na hewa yake ni kavu. Mchana wa Septemba ni joto, usiku unahitaji sweta. Midomo na visigino vitapasuka, kwa hiyo mama abebe mafuta ya nazi. Na abebe tangawizi na iliki pia. Chai yao ni ya rangi, kwenye vigilasi vidogo vyenye kiuno, na ukiomba maziwa mhudumu atakuletea glasi ya maziwa baridi pembeni kwa huruma, kama mtu anayemhudumia mgonjwa.