Mguu umevimba, una joto, na hauumi: tumwone daktari gani?

Maswali ya wasomaji, yanajibiwa na Bibi Muuguzi

*Shikamoo Bibi Muuguzi. Mimi ni msomaji wako wa Kihonda, Morogoro, nina miaka 44. Napika na kuuza chakula stendi, kwa hiyo nasimama tangu alfajiri. Kisigino cha kulia kinaniuma mno nikiteremka kitandani. Nikishatembea kidogo kinapoa, jioni kinarudi. Mama yangu naye ana miaka 67 na kisukari cha muda mrefu. Mguu wake wa kushoto umevimba kuanzia kifundoni hadi katikati ya unyayo, umekuwa mwekundu na una joto, lakini anasema hauumi. Zahanati walimpa dawa za maumivu wakasema amejitegua. Kaka yangu aliyeko Minnesota anasisitiza tutafute daktari wa nyayo, kwamba huko wapo wanaotibu nyayo na vifundo tu. Nimeulizia hapa mjini, hakuna anayemjua daktari wa namna hiyo. Tumtafute wapi?*

Marahaba mwanangu. Kisigino chako kitasubiri. Naanza na mama, na nakuomba ukimaliza kusoma hapa umwandae kwenda hospitali kesho asubuhi. Usingoje wiki ijayo.

Mtu aliyeishi na kisukari miaka mingi, mguu ukavimba upande mmoja, ukawa wa moto na usiume, hatakiwi kuambiwa amejitegua mpaka mifupa yake iwe imeangaliwa. Kisukari huharibu mishipa ya fahamu polepole hadi mguu unapata ganzi. Mifupa midogo ya katikati ya unyayo inaweza kuvunjika na kuhama mahali pake, na mgonjwa anaendelea kukanyaga, kwenda sokoni, kupanda daladala, kwa sababu hakuna maumivu ya kumzuia. Madaktari huuita mguu wa Charcot. Kutoumwa ndiko kunakowadanganya watu wote, mgonjwa na ndugu zake, na mara nyingine hata mhudumu wa afya.

Mwambie mama akae, avue viatu vyote viwili. Weka mgongo wa mkono wako juu ya unyayo wa kushoto, kisha wa kulia. Hospitali hupima kwa kipimajoto cha ngozi, na tofauti ya nyuzi 2 za selsiasi kati ya mguu na mguu inatosha kumshtua daktari. Tofauti kubwa hata mkono unaihisi. Kagua pia kati ya vidole na chini ya kisigino. Ukikuta kidonda, usaha, harufu, ngozi iliyogeuka nyeusi, au mama ana homa, basi msingoje hata kesho. Nendeni idara ya dharura leo, hata kama ni usiku.

Tangu sasa asikanyage mguu huo. Asichuliwe kwa mafuta ya moto wala asiuloweke kwenye maji ya chumvi ya moto. Mguu wenye ganzi hauna namna ya kujua kwamba unaungua.

Sasa, wapi. Mnayo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapohapo Morogoro, na ndiko pa kuanzia. Pale mapokezi usiseme "mama anasumbuliwa na mguu," maana watakupanga foleni ya kawaida pamoja na wenye mafua. Sema hivi: "Mama ana kisukari, mguu mmoja umevimba, una joto, na hauumi. Naomba aonwe na daktari wa mifupa na wa kliniki ya kisukari." Ukiambiwa kliniki ya mifupa ina siku zake na leo siyo, omba daktari wa zamu amwone leo, apigwe eksirei, na tarehe ya kliniki iandikwe kwenye kadi. Beba daftari lake la kliniki, dawa zote anazomeza, na vipimo vya sukari vya karibuni.

Na ujue jambo hili: eksirei ya mwanzo huweza kuonekana safi kabisa wakati ugonjwa umeshaanza. Kwa hiyo picha safi isiwarudishe nyumbani na vidonge vya maumivu. Tiba yenyewe ni kuupumzisha mguu, kwa kawaida ndani ya hogo, yaani plasta ngumu, linalofungwa kufuata umbo la mguu, linalobadilishwa mara kwa mara, kwa miezi kadhaa hadi joto litulie. Ni tiba ndefu na inachosha familia. Lakini mguu ukiachwa ukakanyagiwa, unyayo huporomoka, mfupa husukuma ngozi kwa chini, kidonda hufunguka, na kidonda hicho ndicho kinachowafikisha watu kwenye kukatwa.

Utamjuaje daktari anayeifahamu kazi ya miguu? Mtazame mikono yake. Atataka viatu vivuliwe vyote viwili, siyo kimoja. Atagusa juu ya unyayo na nyuma ya kifundo kwa ndani akitafuta mapigo ya damu. Atachukua uzi mgumu wa nailoni, ule unaopinda kwa mgandamizo wa gramu 10, ataugusisha sehemu mbalimbali za unyayo hadi upinde, huku mama amefumba macho akisema anausikia wapi. Kifaa hicho ni kidogo, unakitia mfukoni, na kipimo hakimalizi dakika tano. Nimefanya kazi chumba cha vidonda maisha yangu yote ya uuguzi, na bado linanichoma roho kuona mgonjwa wa kisukari ameandikiwa dawa ya mguu akiwa amevaa soksi. Likiwatokea, sema kwa adabu: "Daktari, samahani, naomba umwangalie mguu wenyewe." Hiyo ni haki yake, na daktari mzuri hachukii.

Kaka yako hajakosea. Marekani wapo madaktari wanaosomea nyayo na vifundo peke yake, miaka minne ya chuo kisha mitatu ya mafunzo hospitalini, na wana leseni yao. Hapa kwetu kazi hiyo imegawanyika. Upasuaji na mivunjiko ni ya daktari bingwa wa mifupa. Ganzi na vidonda vya kisukari viko kwa daktari wa kisukari pamoja na muuguzi wa vidonda. Misuli na kano ni za mtaalamu wa fiziotherapia, na viatu maalumu, vifaa vya kushikiza mguu na miguu bandia hutengenezwa na wataalamu wa viungo bandia, ambao wengi wao wamesomea TATCOT kule Moshi, chuo kilichoanza 1981 na kinachopokea wanafunzi hata kutoka nje ya nchi. Ukimtafuta mtu mmoja anayefanya yote hayo utazunguka hadi uchoke, na mguu wa mama hauna muda huo.

Ujuzi wenyewe haujakosekana nchini. Miaka ya 2000 mradi wa Step by Step uliwafundisha madaktari na wauguzi wa Tanzania wakiwa wawiliwawili, daktari na muuguzi wake, jinsi ya kuhudumia mguu wa kisukari. Madaktari wa Dar es Salaam wameandika hata kuhusu wagonjwa waliong'atwa miguu na panya usiku wakiwa wamelala, wasisikie chochote hadi walipoona damu asubuhi. Ndiyo maana kila anayeniandikia kuhusu kisukari namsihi: mzazi asilale chini, chandarua kichomekwe vizuri, na kila jioni mtu mwenye macho mazuri amkague nyayo.

Morogoro wakiona kazi imewazidi, wataandika rufaa ya kwenda Muhimbili au MOI, Taasisi ya Mifupa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Msiende Dar bila barua ya rufaa kama hali si ya dharura. Kama mama ana bima, swali la kwanza dirishani litakuwa barua hiyo, na nimewaona watu wamelala kwa jamaa siku kadhaa wakiisubiri itumwe kutoka mkoani.

Haya, kisigino chako. Maumivu makali hatua za kwanza za asubuhi, yanayopoa ukitembea na kurudi baada ya kusimama sana, mara nyingi ni ule utando mgumu unaotoka kisiginoni kwenda vidoleni, umechoka kwa mzigo. Wewe humhitaji bingwa kwanza. Omba kuonwa fiziotherapia hospitali hiyohiyo, siku hiyohiyo mtakayompeleka mama. Watakufundisha kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu ukiwa umeegemea ukuta, na kuvuta vidole kuja kwako kabla hujashuka kitandani. Acha kandambili bapa jikoni, vaa kiatu chenye soli nene na kisigino kilichoinuka kidogo, na pale stendi weka kigoda ukalie unapomenya na kuchambua. Wengi hupona bila kisu, ila huchukua miezi, wengine karibu mwaka. Ukipigwa eksirei ukaambiwa una mfupa uliochomoza kisiginoni, usiogope: watu wengi wanao na hawaumwi chochote. Na mtu akikimbilia kukuchoma sindano ya kisigino kabla hujajaribu mazoezi na viatu, muulize kwa nini mapema hivyo. Sindano hiyo hupunguza maumivu kwa muda, lakini inaweza kuudhoofisha utando hata ukachanika.

*Bibi, shikamoo. Ni dereva bodaboda, Mwanza. Nilianguka na pikipiki, kifundo kikageuka ndani, kikavimba. Wenzangu kijiweni wananielekeza kwa mzee mmoja anayeunga mifupa, wengine wananipa namba ya "daktari wa miguu" anayetibu nyumbani kwake. Niende kwa nani?*

Marahaba kijana wangu, pole sana. Kabla ya nani, tujue kama umevunjika. Ipo kanuni iliyotungwa Ottawa, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1990, inayotumika hospitali nyingi duniani. Bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo, nje na ndani, kuanzia nchani kupanda juu sentimita 6. Kisha jaribu kutembea hatua nne, hata kwa kuchechemea. Mfupa ukiuma ulipobonyeza, au hatua nne zikishindikana, unahitaji eksirei. Bonyeza vilevile mfupa uliotokeza ukingo wa nje wa unyayo, katikati, na ule wa ndani mbele ya kifundo. Navyo vikiuma, piga picha ya unyayo.

Jaribio jingine: lala kifudifudi, miguu ining'inie ukingoni mwa kitanda, mwenzako akuminye shavu la mguu. Unyayo usiposogea kabisa, kano kubwa ya nyuma huenda imekatika. Hiyo isikae wiki.

Nenda Sekou Toure, hospitali ya mkoa, na wao ndio watakaoona kama ni ya kupelekwa Hospitali ya Bugando. Kwa mzee wa kuunga mifupa sikuruhusu, mwanangu, na sisemi hivyo kwa kumdharau mzee. Hana picha, hawezi kuona mfupa ulipokaa, na vijiti vikikazwa juu ya mguu unaoendelea kuvimba damu inazuiwa. Nimepokea vijana wa umri wako vidole vimeshakuwa vyeusi ndani ya bandeji za namna hiyo, na hapo hakuna dawa ninayoijua ya kuvirudisha.

Huyo wa namba ya simu, muulize jina lake kamili na namba yake ya usajili. Madaktari wote wa Tanzania Bara husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na huwa na leseni, na mwananchi ana haki ya kuuliza. Akikasirika kwa swali hilo, umeshapata jibu. Ukifika kwa bingwa wa kweli na akataka kukupasua, muulize anapasua vifundo mara ngapi, nini kitatokea bila upasuaji, na lini utaweza kukanyaga breki tena. Ukifungwa hogo, usipande pikipiki, hata kama bosi anadai hesabu ya siku.

*Bibi Muuguzi, mjukuu wangu wa Kigamboni amezaliwa na miguu kifundo, nyayo zimegeukia ndani. Ana wiki tano. Majirani wanasema tungoje akue.*

Msingoje, ndugu yangu. Umri huu ndio mzuri, kano bado laini. Mpelekeni CCBRT, Msasani. Njia inayotumika ni ya Ponseti: mguu hunyooshwa kwa mkono kidogokidogo na kufungwa hogo jipya kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi nane, kisha wengi hukatwa kano ya kisigino kwa tundu dogo tu. Baada ya hapo huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, karibu saa 23 kwa siku miezi mitatu ya kwanza, halafu wakati wa kulala hadi afike miaka minne hivi.

Hapo kwenye viatu ndipo familia nyingi hulegea, kwa sababu miguu imeshanyooka na mtoto analia usiku. Mkivivua, miguu inarudi ilikokuwa. Pangeni mapema nani atamvalisha mtoto wakati mama yake yuko kazini, na huyo mtu aende naye kliniki afundishwe. Na mtoto akiwa kwenye hogo, angalieni vidole vyake kila mnapombadilisha nepi. Vikiwa vya baridi, vya bluu au vimezama ndani ya hogo, rudini siku hiyohiyo.