Tuta la reli ndogo: pinda mbao, usikate kona

Umeuliza kama, kwenye reli ya treni za mfano, ni lazima tuta la kona (kitako kinachobeba reli) likatwe kwenye plaiwudi. Si lazima, na mimi niliacha: unachora mviringo, unakata, nusu ya ubao inabaki makombo. Pasua mbao laini, paini inatosha, upate fito za unene wa milimita 6 na kimo cha sentimita 2 hivi. Ufito mmoja mmoja unapinda kwa mkono. Gongea misumari kufuata mstari wa njia, egemeza wa kwanza, paka gundi nyeupe, bandika wa pili, endelea hivyo. Fito 7 ni milimita 42: mataruma (vijiti vya kulazia reli) ya HO, kipimo cha treni za mfano (1:87 ya treni halisi, reli hadi reli milimita 16.5), yanakaa na ukingo wa tuta unabaki kila upande. Vibanio vya nguo havifiki upana huo. Mimi hufunga kwa tyubu ya baiskeli iliyochanwa. Maungio ya ncha za fito yapishane kama matofali, la sivyo kona itavunjika kama kiwiko palepale na behewa litaanguka. Acha ikauke usiku kucha ndipo upige randa juu. Mbao tupu ina kelele, kwa hiyo tandika koki (gome laini la vizibo vya chupa) kabla ya reli.