Maswali yenu kuhusu Chagall, vioo vya rangi na mazulia ya ukutani

Mmeuliza mengi kuhusu mchoraji Marc Chagall na vioo vyake vya rangi vya madirishani, haya najibu.

Hivi vile vioo alikuwa anakata mwenyewe?

Hapana jamani, na hapa ndo wengi wanakosea. Yeye alichora michoro ya rangi, vioo vikatengenezwa na fundi Charles Marq na mkewe Brigitte Simon kule Reims, Ufaransa. Zamani kila rangi ilitaka kipande chake cha kioo na kila kipande kinashikwa na ukanda wa madini ya risasi, sasa ukitaka rangi nyingi karibu karibu picha inajaa mistari myeusi, Marq akabuni njia ya kuweka mpaka rangi tatu kwenye kipande kimoja, ndo maana bluu ya Chagall inatembea tu bila kukatwakatwa. Baadaye mzee mwenyewe anakuja na brashi, anapaka weusi, anafuta, anakwaruza. Hawa mafundi watajwe kila akitajwa yeye, mimi hilo nalishikilia.

Na mazulia?

Hayo pia ni mikono ya wafumaji. Yale matatu makubwa yaliyoko bungeni Israel, Knesset, yalifumwa kwenye karakana ya Gobelins, Paris. Mengine mengi kafuma mama mmoja, Yvette Cauquil-Prince.

Alianza vioo akiwa kijana?

Wala! Kazaliwa 1887 Vitebsk, Belarus ya leo, vioo kavianza anakaribia miaka 70.

Ana uhusiano wowote na huku kwetu?

Upo, na unauma. Makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York, kuna dirisha lake la 1964 la kumkumbuka Dag Hammarskjöld na wenzake. Hammarskjöld ni yule katibu mkuu aliyekufa Septemba 1961 ndege ilipoanguka karibu na Ndola, Zambia ya leo, akienda kutafuta amani ya Katanga, Congo.

Niko Uingereza, nikaone wapi?

Nenda Tudeley, Kent, kanisa dogo la kijijini. Wazazi waliomba dirisha moja tu la kumkumbuka binti yao wa miaka 21 aliyezama baharini 1963. Chagall alipofika 1967 kulizindua akaamua atayafanya yote 12, na ya mwisho yakawekwa 1985, mwaka aliofariki ana miaka 97. Nenda asubuhi jua likiwa upande wa mashariki, dirisha la binti liko huko, kachorwa ndani ya maji ya bluu.