Kisu cha kukunja cha mhunzi: kinoe mwenyewe, usikipeleke kwenye grinda

Mkuu, jibu la swali lako mimi nililipata kwa hasara, kwa hiyo nitaandika kirefu. Kwa wanaoingia sasa: mwenzetu aliletewa zawadi ya kisu cha kukunja kutoka Japani, chenye mpini wa bati la shaba lililokunjwa, kisicho na springi wala kufuli. Miezi miwili ya mwanzo kilikata kama wembe. Sasa kinaiponda nyanya, na kimeingia madoa meusi. Anauliza akipeleke kwa fundi wa mashine au ndiyo basi tena.

Usikipeleke kwa fundi wa mashine. Hicho kisu ni kizima.

Kwa ulivyokieleza, hicho ni higonokami. Nilisoma Kobe, Japani, miaka miwili, na mji wa Miki vinakotoka visu hivi uko jirani tu, unapanda treni ya Shintetsu unafika. Ni mji wa wahunzi kabisa: misumeno, randa, patasi, visu. Higonokami zimetengenezwa pale tangu miaka ya 1890, na zamani karibu kila mvulana wa shule Japani alikuwa nayo ya kuchongea penseli. Mwaka 1960 mwanasiasa Inejiro Asanuma alichomwa upanga mfupi akiwa jukwaani, na baada ya hapo zikaanza kampeni za kuwazuia watoto kubeba visu. Karakana zikafungwa moja baada ya nyingine. Leo imebaki familia moja tu, ya Nagao, yenye haki ya kugonga jina hilo kwenye mpini. Nakueleza haya ili ujue umeshika nini mkononi.

Sasa kichukue, kikunjue, ukigeuzegeuze mwangani. Kama ni cha tabaka, karibu na makali utaona mstari unaopinda kama wimbi linalovunjika ufukweni. Juu ya mstari chuma kimefifia, chini yake kinang'aa. Hapo ndipo mhunzi alipobana kipande cha chuma kigumu, chenye kaboni zaidi ya asilimia 1, katikati ya vipande viwili vya chuma laini. Kile kigumu ndicho kinachokata. Kile laini kinakizuia kisivunjike, na kinakurahisishia kazi ya kunoa, maana jiwe linakila upesi.

Ugumu huo mhunzi aliupata kwa moto na maji, na moto ule ule unaweza kuuondoa. Mimi niliporudi Tanga changu kilikuwa butu, nikampelekea fundi mmoja anayechomelea mageti. Alikuwa na nia njema tu. Akawasha grinda, cheche zikaruka, sekunde chache akanirudishia. Kilikata vizuri siku ile. Jioni nikaona sehemu ya ncha imekuwa bluu. Chuma cha namna hii kikigeuka bluu maana yake kimefika karibu nyuzi joto 300, na hapo ugumu umeshapungua. Wiki iliyofuata nilikata kamba ya katani, makali yakajikunja pale pale penye bluu. Nilikaa jioni nyingi na jiwe la kukwaruza na maji mpaka nikaumaliza ule ubluu wote, na ubapa ukapungua upana ambao hautarudi. Iliniuma sana.

Mnoaji wa baiskeli, yule anayekanyaga pedali na jiwe linazunguka polepole, ana nafuu, lakini naye mwombe alowanishe jiwe kila mara. Ila kwa kisu hiki kazi ni yako mwenyewe.

Tafuta kinoo cha namba 1000 (namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi). Maduka ya vifaa vya ujenzi yana vile vya pande mbili, upande mmoja wa kukwaruza na mwingine laini. Kiloweke kwenye maji mpaka kiache kutoa mapovu, kisha kiweke juu ya kitambaa kibichi kisiteleze.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo soma taratibu. Higonokami haihitaji kupima pembe. Ule upande wenye mteremko kuelekea makali ni mpana, nao ndio kipimo chako. Ulaze wote kwenye jiwe, vidole viwili vya mkono wa pili vikikandamiza karibu na makali. Angalia maji: ukiwa umelaza sawasawa, utaona kijistari cha maji kinasukumwa nje mbele ya makali. Kisipotokea, makali bado hayajagusa jiwe. Shika mkao huo, sukuma na kuvuta bila haraka, kutoka kitakoni hadi nchani. Yale matope meusi yanayojikusanya usiyaoshe, yanasaidia kunoa.

Noa upande mmoja mpaka upande wa pili utoe kingo ndogo ya chuma. Huioni kwa macho. Pitisha ubavu wa kidole gumba kutoka mgongoni kwenda nje ya makali, kamwe usipitishe kufuata urefu wa makali, utasikia kitu kinakwaruza kama ukucha uliokatwa vibaya. Isikie urefu wote, mpaka nchani. Kabla hujaisikia usigeuze kisu, hata kama mkono umechoka. Makali mengi yanayokataa kunoka nimeona tatizo ni hilo tu: mtu amegeuza mapema. Ukishaisikia, geuza, rudia, kisha malizia kwa kubadilisha upande kila mpigo, ukipunguza nguvu mpaka iwe uzito wa kisu chenyewe. Mwisho kivute juu ya mgongo wa mkanda wa ngozi, makali yakiwa nyuma, mara kumi kumi kila upande.

Jaribu kwa nyanya iliyoiva. Weka kisu juu ya ganda, vuta bila kukandamiza. Kikiteleza, rudi jiweni kidogo.

Hayo madoa meusi yaache. Ni limau, embe na vitunguu vinavyokijibu chuma, na weusi ule unakipunguzia kutu. Adui ni wekundu, hasa sisi wa pwani wenye hewa ya chumvi. Ukimaliza kukata futa papo hapo, usikikunje kibichi. Mimi napaka mafuta ya nazi kidogo kwenye ubapa na tone la mafuta ya cherehani kwenye pini, ile inayoshikanisha ubapa na mpini. Bibi yangu alikuwa akinoa kisu chake kila asubuhi kwenye kitako cha bakuli la kauri, pale pasipong'aa, mara tano sita tu, na sikuwahi kukiona butu. Njia hiyo inafaa sana kati ya siku za jiwe.

Kitu cha mwisho, kwa sababu kisu hiki hakina kufuli: ukikata, kidole gumba kikae juu ya kile kimkia cha chuma kinachochomoza mgongoni, ndicho kinachozuia ubapa usikufungie vidole. Ukiona kimelegea na kinajifungua mfukoni, weka pini juu ya chuma kigumu, gonga kichwa chake kwa nyundo ndogo, pigo moja jepesi, jaribu, gonga tena. Ukizidisha hakitafunguka.